Kuuza Nyumba Bila Dalali: Ujira Umeokolewa, Amana Je?

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam), Aali zake na Maswahaba zake.

Siku hizi nyumba hapa visiwani zinauzwa kwa simu. Picha za sebule na vyumba, bei, namba ya kupigia, na chini yake maneno: “Madalali wasipige.” Tangazo linazunguka katika makundi ya WhatsApp kutoka Mjini hadi Chake Chake, na linawafikia hata jamaa zetu walioko Muscat. Watu wamechoka na “cha juu”, na sisi tunaulizwa mara kwa mara: je, kuna ubaya kumuacha dalali?

Kwa asili yake hakuna ubaya. Nguzo za mauzo ni muuzaji, mnunuzi, kinachouzwa pamoja na thamani yake, na tamko la kuuziana. Dalali si miongoni mwazo. Wala udalali wenyewe si haramu. Imam Bukhari ametaja katika Sahihi yake kuwa Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Al-Hasan hawakuona ubaya katika ujira wa dalali. Kilichokatazwa ni hadaa: kumtajia mwenye nyumba bei moja, mnunuzi bei nyingine, na kula tofauti kwa siri. Anayemkwepa dalali wa aina hiyo hana lawama. Lakini aliyekubaliana na dalali, akaletewa mteja, kisha akamalizana na mteja huyo kwa mlango wa nyuma ili asilipe, huyo amekula jasho la mtu.

Tunaloliogopa zaidi ni jingine. Dalali wa mtaani, pamoja na kasoro zake, alikuwa akiuliza: nyumba ya nani, warithi wangapi, wamekubaliana? Khabari ilienea mtaa mzima kabla ya karatasi kuandikwa. Simu haiulizi. Kaka mmoja anaweza kuitangaza nyumba ya marehemu baba yao usiku, na dada aliyeolewa Wete akapata khabari baada ya pesa kuliwa.

Tuchukue mfano. Baba amefariki, wazazi wake wametangulia, naye ameacha mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Baada ya kulipwa madeni na kutekelezwa wasia, nyumba inakuwa mafungu manane. Mama ana fungu moja, kila mtoto wa kiume mafungu mawili, na kila binti fungu moja. Kaka anayeuza peke yake anamiliki mafungu mawili tu. Sita si yake. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kuuza mali ya mwenzio bila ya idhini yake hakusihi, hata ukiwa mkubwa wa nyumba, hata ukiwa ndiye uliyeipaka rangi na kulipa umeme miaka yote. Na kunyamaza kwa dada kwa kuona haya si idhini.

Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) amemtaka mwenye ushirika asiuze mpaka amjuulishe mshirika wake, akitaka atachukua, asipotaka ataacha. Basi kabla ya kutuma picha kwa watu usiowajua, waulizeni ndugu zenu. Na jirani pia ana heshima yake. Bukhari amepokea kuwa Abu Rafi‘ alimuuzia Sa‘d bin Abi Waqqas vyumba vyake viwili vilivyokuwamo katika makaazi ya Sa‘d kwa dirham 4,000 za kulipa kidogo kidogo, ingawa alikuwa ameshapewa dinari 500 na mwengine, kwa sababu ya yale aliyoyasikia kwa Mtume kuhusu haki ya jirani. Waliuziana bila dalali, na haki haikupotea.

Kwa hiyo anayeuza mwenyewe ajue kuwa amejibebesha kazi ya kuuliza na kueleza. Ikiwa nyumba ni ya urithi, mirathi igawiwe kwanza, na kila mrithi aridhie kwa maandishi. Aliye ng’ambo atoe uwakala ulio wazi. Ikiwa ni wakfu, haiuzwi, na jambo lake lipelekwe Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Aibu za nyumba zisemwe: paa linalovuja, ukuta uliopasuka, kesi ya mpaka. Pesa zisipokelewe bila ya mashahidi, kwani Qur’an katika Suratul Baqarah, aya ya 282, imeamrisha kushuhudisha tunapouziana.

Tena kumbukeni kuwa ardhi ya Zanzibar kisheria ni mali ya umma, na mwananchi ana haki ya matumizi. Sheria Namba 8 ya 1994 imeweka Bodi ya Uhaulishaji Ardhi ili kuangalia mauzo haya. Muhuri wa sheha na picha za simu haviziba nafasi yake.

Ujira wa dalali ukibaki mfukoni ni halali yako. Fungu la dada yako likibaki humo ni moto.

Tunamuomba Allah atupe riziki ya halali na atuunganishe na jamaa zetu. Wallahu a‘lam.