Sehemu ya 4: Babu "anacheza" baada ya dawa? Usizitupe!

Mama zangu, tuendelee na Parkinson. Leo naongea hasa na wewe mkwe, maana ndiye unayemlisha babu na kumpa dawa.

Babu alikuwa anatetemeka na kukakamaa. Akapewa vidonge vya levodopa, akaamka, akashika kikombe mwenyewe. Baada ya miaka kadhaa mikono na miguu inaanza kujinyonganyonga yenyewe. Majirani wanasema karogwa, wengine dawa zimemharibu. Mnazificha kabatini.

Hapana jamani! Kuikatisha dawa hii ghafla ni hatari: mwili unaweza kukaza wote, homa ikapanda, hata akafa.

Kule kujinyonganyonga mara nyingi hutokea dawa ikiwa imepanda kwenye damu. Daktari anaweza kupunguza dozi ya mara moja na kuigawa mara nyingi zaidi kwa siku, au kuongeza amantadini. Hiyo ni kazi ya daktari, siyo yako wala yangu.

Wengine wanasema "tuicheleweshe basi." Utafiti uliolinganisha wagonjwa wa Ghana na wa Italia, uliochapishwa 2014, ulionyesha kuwa waliochelewa kuanza levodopa hawakukwepa tatizo hili. Lilikuja kufuatana na miaka ya ugonjwa na ukubwa wa dozi. Kuchelewesha ni kumtesa mzee bure.

Msimamo wangu ni huu: anayetoa kidonge cha kwanza amwambie mkwe siku hiyohiyo kwamba mikono inaweza kuja kucheza. Familia isipoambiwa, itamlaumu mchawi. Na wengi hawafikii hata hicho kidonge: wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba, na matokeo ya 2008 yalionyesha zaidi ya robo tatu ya wagonjwa waliowakuta hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini.

Sasa wewe fanya hivi:
👉 Chukua daftari. Andika saa aliyomeza dawa, saa aliyokula, saa mikono ilipoanza kucheza na ilipotulia.
👉 Mpe dawa kama nusu saa kabla ya chakula. Maharage na nyama huweza kuizuia isifyonzwe vizuri.
👉 Mrekodi kwa simu, dakika moja inatosha.
👉 Nenda navyo kliniki kabla dawa hazijaisha.

Daftari hilo la shilingi mia chache litamsaidia daktari kuliko maneno "anacheza sana."

Swali? Andika hapo chini, nitajibu nikitoka zamu.