Mwili wangu siyo ajenda ya kikao cha ukoo

Wadau wa nyumbani, leo naomba niseme wazi. Nikituma picha, shangazi anasema nimenenepa, mjomba anasema nimekonda, binamu ananiagiza vidonge vya kupunguza tumbo. Jamani, situmi! Mimi ni nesi hapa Uingereza, siyo duka.

Mwaka 1945 huko Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya walijitolea kupunguziwa chakula karibu nusu kwa wiki 24. Wakawa wanawaza chakula tu, na walipoachiwa wengine wakala kupita kiasi. Ndiyo kazi ya kujinyima!

Dada zangu, ukisikia njaa kula ugali wako, ukishiba acha, hata shangazi akiongeza mwiko. Mwenye kisukari afuate maelekezo ya kliniki. Ni hayo tu, nawahi zamu ya usiku.