Bwawa Mnalo, Watoto Wapeni Mpira

Ukitaka kujua shule ya binafsi Nairobi inajiona ya hadhi gani, angalia bango lake. Basi la manjano, mtoto na kompyuta, halafu bwawa la buluu lisilo na mtu. Hata kwenye picha halina mtu! Bwawa ni la kuonyesha wazazi siku ya kusajili watoto.

Na wale wachache wanaoingia, wanafundishwa vipi? Wanapangwa ukingoni, wanashika ukuta, wanapiga miguu, wanapuliza mapovu, filimbi inalia, toka, kundi lingine. Kati ya nusu saa, mtoto ameloa dakika kumi. Zilizobaki ametetemeka ndani ya taulo. Muhula mzima hivyo, na ada ya kuogelea imelipwa. Akifika darasa la nne bado anaogopa maji ya kifuani, tunasema hana kipaji.

Mimi nasema rusheni mpira humo ndani.

Nazungumzia polo ya majini. Najua, neno polo lenyewe linanuka farasi na mashamba ya Gilgil. Tulieni. Mchezo huu ulianza Uingereza na Uskoti karne ya 19, mitoni na ziwani, ukifanana zaidi na raga: watu wanavutana majini wakigombania mpira. Timu ina wachezaji saba, kipa akiwemo. Isipokuwa kipa, hakuna anayeruhusiwa kushika mpira kwa mikono miwili wala kukanyaga chini.

Kwa mtoto wa miaka saba, sheria hizo nyingi unaziweka kando. New Zealand wana toleo la watoto, Flippa Ball, ambalo linachezwa mahali mtoto anaweza kusimama. Maji ya kifuani, mpira mdogo, magoli mawili, basi. Sasa mwangalie yule aliyekataa kuzamisha uso wiki tatu. Anaona mpira unaenda kwa wapinzani, anaurukia. Maji yanamwingia puani, anakohoa, anafuta macho, anauliza mpira uko wapi. Hofu mliyokuwa mnaifukuza kwa filimbi imeondoka bila kuagwa.

Halafu kuna ile miguu. Mchezaji wa polo anasimama majini bila kukanyaga kitu: kila mguu unachora duara lake, kwa zamu, kama mtu anayekoroga uji kwa miiko miwili. Kichwa kiko juu, mikono iko huru. Ufundi huu hauna medali yake, lakini kwangu unashinda mita 50 za mtindo wowote. Anayeteleza mtoni na nguo zake zote hahitaji kushinda mbio. Anahitaji kupumua na kupiga kelele mpaka mtu aje. Mfa maji haachi kutapatapa, tunasema, tunaishia hapo. Mimi nataka afunzwe kutapatapa kwa ufundi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, robo yao watoto chini ya miaka mitano. Sidanganyi mtu: mafuriko kama yale ya 2024 hayakuulizi ulijifunza wapi kuogelea, na mtoto wa miaka miwili kinachomwokoa ni ua na jicho la mkubwa. Hata kwenye polo, kocha awe ndani ya maji na watoto, si kwenye kiti akibofya simu.

Kuna watakaoniambia huu ni mchezo wa wazungu. Raga je, ilitoka Kakamega? Hungary haina bahari hata tone, na wanaume wake wana dhahabu tisa za Olimpiki katika mchezo huu. (Wana chemchemi za maji moto, kweli. Sisi tuna Bogoria, ingawa humo utaiva.) Pwani yetu inapita kilomita 500, na Ziwa Victoria liko pale, lakini mtoi wa mtaa akisema anataka kuogelea anaulizwa kama anataka kufa.

Na msichana anaambiwa nywele zitaharibika. Hili linaniudhi kuliko yote. Wanaume walianza kucheza polo Olimpiki mwaka 1900, wanawake wakasubiri mpaka 2000, na sisi bado tunabishana kuhusu rasta za elfu mbili. Msuke matuta, mvalishe kofia, aingie.

Hoja ya maji naiheshimu. Nairobi tunapewa kwa mgao tangu 2017, na kudai kila mtaa uchimbiwe bwawa ni porojo za kampeni. Sidai bwawa jipya hata moja. Nadai yale ya kwenye mabango. Jumamosi shule imefungwa, mlinzi anazunguka bwawa limetulia tuli, na nyuma ya ukuta huohuo watoi wanacheza kwenye mtaro. Fungueni geti saa mbili tu, kuanzia saa nne mpaka saa sita. Mpira tutanunua wenyewe.