Tumuuguze Aliyepasuliwa Bawasiri

Ndugu zetu, aliyepasuliwa bawasiri hurejea nyumbani na mambo mawili: maumivu na haya. Kwa kuogopa choo hupunguza chakula, kinyesi kikakauka, na kidonda kikatoneshwa. Tumpe maji mengi, mapapai, mboga za majani na dawa ya kulainisha choo aliyoandikiwa. Akalie maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, hasa baada ya haja.

Damu kidogo hutarajiwa. Damu nyingi, homa au mkojo kuziba, arudishwe hospitali mara moja.

Sahaba Imran bin Huswayn, alipougua bawasiri, alimwuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu Swala, akaelekezwa asimame, asipoweza, akae, asipoweza, alale ubavu. Yeye aliuliza. Wagonjwa wetu nao waulize, wala wasifiche.