Beledweyne: Mafuriko yanayokuja bila mawingu

WAHENGA walisema dalili ya mvua ni mawingu. Katika mji wa Beledweyne, nchini Somalia, msemo huo umewaponza wengi. Mji huo uko kwenye nyika kavu ya mkoa wa Hiran, zaidi ya kilomita 300 kaskazini mwa Mogadishu, na mvua yake ni haba. Lakini Mto Shabelle unaoupitia huanzia kwenye milima ya Ethiopia. Mvua kubwa ikinyesha huko, maji hufika Beledweyne siku kadhaa baadaye, hata kama mjini jua linawaka.

Mwaka 2023 ulitoa funzo chungu. Eneo hilo lilikuwa limetoka katika ukame wa misimu mitano mfululizo. Mwezi Mei mto ukafurika, na zaidi ya watu 200,000 wakayahama makazi yao. Waliokuwa wakiomba mvua walijikuta wakikimbia maji. Mwezi Novemba mto ukafurika tena.

Novemba hiyo nilikuwa Garissa, ambako Mto Tana nao ulikuwa umekata barabara ya Nairobi. Nilikwama pamoja na mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe, ambaye duka la ndugu yake kule Beledweyne lilikuwa limezama mara ya pili katika mwaka mmoja. Nilimuuliza kwa nini hawakuhamisha mali mapema.

"Onyo walilisikia, ndugu yangu," alinijibu. "Lakini kuhamisha bidhaa kunataka lori, na lori linataka pesa."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Tatizo la Beledweyne si ukosefu wa habari. Wataalamu wa hali ya hewa wanajua kwamba El Nino, yaani ongezeko la joto katika Bahari ya Pasifiki, huleta mvua nyingi za vuli Afrika Mashariki. Wanajua pia kwamba Bahari ya Hindi ikiwa na joto zaidi upande wetu kuliko upande wa Indonesia, mvua hizo huzidi. Mwaka 1997 na 2023 hali hizo mbili zilikutana. Mwaka 2019 Bahari ya Hindi peke yake ilitosha kuuzamisha mji huo. Dalili hizo huonekana miezi kadhaa kabla.

Aidha, mradi wa SWALIM wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) umekuwa ukipima kina cha mto na kutoa tahadhari kwa miaka mingi. Kinachokosekana ni kazi ya kufanywa baada ya tahadhari.

Chukua mfano wa kingo za mto. Wakati wa kiangazi wakulima huzitoboa ili wapate maji ya kumwagilia mashamba. Siwalaumu, kwani mwenye njaa hawezi kungoja. Lakini matundu hayo yasipozibwa kabla ya msimu wa Deyr, unaoanza Oktoba, huwa milango ya mafuriko. Tangu serikali kuu ilipoanguka mwaka 1991, mifereji na malango ya maji ya Shabelle yamekosa matunzo ya kudumu.

Wako wanaosema mji uhamishwe. Mimi sikubaliani nao. Beledweyne ni njia panda ya biashara kati ya Ethiopia na Mogadishu, na mto huo huo ndio unaolisha mashamba. Watu watarudi tu, kama walivyorudi kila mara.

La busara ni kutumia fedha wakati wa kiangazi badala ya kungoja picha za mitumbwi barabarani. Kingo zizibwe mapema, malori yakodiwe maji yakiwa bado mbali, na Somalia na Ethiopia zipashane habari za mto kila siku msimu wa mvua unapoanza. Onyo lisilo na nauli halimwokoi mtu.

Na wewe unayerejea nyumbani baada ya miaka ya ukimbizi, kabla ya kununua kiwanja waulize wazee maji yalifika wapi mwaka 1997, 2019 na 2023. Kiwanja cha bei ya chini kando ya mto kinaweza kuwa ghali kuliko vyote.

Kwa mfanyabiashara, Oktoba si mwezi wa kujaza ghala la bondeni kwa mali ya mkopo. Waulize madereva wanaotoka upande wa Gode, Ethiopia, kama huko kunanyesha. Wakisema mto umejaa, usitazame juu kutafuta mawingu. Panga mzigo wako uondoke.