Kibao cha mashine kisomwe kabla ya kulipa

Mfugaji anayekopa SACCOS ili anunue mashine ya kutotolesha vifaranga huuliza kwanza mambo mawili: bei, na mayai yanayoingia. Jambo la tatu huandikwa kwenye kibao kidogo ubavuni mwa mashine, na mara nyingi halisomwi hadi mashine imeungua. Marejesho ya mkopo nayo hayangoji.

Kibao hicho hutaja volti na Hz. Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230 na Hz 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Kenya ni volti 240 na Hz 50. China hutumia volti 220 na Hz 50, hivyo mashine zilizotengenezwa kwa soko lake hazisumbui sana. Marekani ni volti 120 na Hz 60. Japani ni volti 100, lakini Tokyo hutumia Hz 50 na Osaka Hz 60, kwa sababu miaka ya 1890 miji hiyo ilinunua jenereta zake kutoka nchi mbili tofauti, Ujerumani na Marekani.

Kosa la volti huonekana haraka. Hita ya wati 500 iliyotengenezwa kwa volti 120, ikichomekwa kwenye volti 230, huvuta zaidi ya wati 1,800. Huungua, na pengine banda likaungua nayo. Wapo wanaodhani adapta ya plagi inatosha. Adapta hubadilisha umbo la pini tu. Volti zinabaki zilezile.

Transfoma ya kushusha umeme hutibu tatizo la volti. Hata hivyo, isiwe ndogo. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa kuliko inapokuwa imeshika kasi, hivyo transfoma inayolingana na wati za kwenye kibao pekee huweza kuzidiwa.

Ikumbukwe kuwa transfoma haibadilishi Hz. Mota ya kawaida ya Hz 60 inayozunguka mara 1,800 kwa dakika hushuka hadi 1,500 kwenye Hz 50. Pampu hupunguza maji, kinu hupunguza magunia, feni hupunguza hewa. Aidha, mota hiyo hupata joto kupita kiasi na maisha yake hufupika. Hasara ya namna hii haina moshi wala kishindo, na mwenye mashine huishia kumlaumu fundi.

Mtego mkubwa uko kwenye mashine ambazo volti zake zinafanana na za hapa nchini. Saudi Arabia, kwa mfano, ina volti 230 lakini Hz 60. Mashine ya huko huwaka bila shida dukani, na mnunuzi huondoka akiwa ameridhika. Dubai umeme wake ni wa Hz 50, lakini bidhaa zinazouzwa huko hutoka pande zote za dunia, hivyo jina la mji si dhamana.

Si kila kifaa kina tatizo. Chaja nyingi za simu na kompyuta huandikwa 100-240V, 50/60Hz, na hufanya kazi popote. Mashine yenye mota na hita ndiyo ya kuchunguzwa.

Kwa mantiki hiyo, anayeagiza mashine adai picha ya kibao kabla ya kutuma fedha, na volti na Hz ziandikwe kwenye risiti. Ikiwa ni ya Hz 60, amuulize fundi gharama ya kufunga mota ya Hz 50 na puli kubwa zaidi ya kurudisha kasi, kisha aijumlishe kwenye bei. Huenda ile ya bei nafuu ikawa ghali kuliko mpya.

Wauzaji nao wanawajibika. Anayejua kuwa mashine haiendani na umeme wa nchi, akanyamaza, anauza hasara. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lisisitize suala hili kwa waagizaji, na SACCOS zinazokopesha ziombe picha ya kibao kama zinavyoomba ankara. Kazi hiyo ni ya dakika chache, wakati mkopo hulipwa kwa miezi mingi. Rahisi ghali.