Mkizima fayawali, maksi za watoto analinda nani?

Leo mnivumilie, nina la moyoni.

Kuna ugonjwa nauona hapa chuoni na hata kwetu Kiabakari: mtandao ukigoma kidogo tu, mtu anakimbilia kuzima fayawali. Ukimuuliza, anakujibu kifua mbele: "Hii ni Linux bwana, haishikwi na virusi." Jamani! Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka mamia ya maelfu ya kamera na ruta duniani, na nyingi zilikuwa zinaendeshwa na hiyohiyo Linux. Ilipitia wapi? Mlango wa Telnet ulioachwa wazi, na maneno ya siri ya kiwandani ambayo hakuna aliyejisumbua kuyabadilisha.

Wengine watasema ufw ya Ubuntu inakuja imezimwa, kwa hiyo haina umuhimu. Inakuja imezimwa, kweli. Lakini siku unapoweka SSH, au folda ya pamoja ili walimu wachukue maksi, mlango umeufungua mwenyewe.

Halafu mtandao ukigoma, mchawi mara nyingi si fayawali. Anza na `ip addr`: mashine imepata anwani? `ip route`: inajua njia ya kutokea? Ipigie ping ruta. Ikijibu ila tovuti hazifunguki kwa majina, kagua DNS. Basi!

Ukuta wenyewe ni mistari mitatu:

sudo ufw default deny incoming
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 22 proto tcp
sudo ufw enable

Zuia wote wanaoingia, ruhusu SSH kwa mashine za ndani tu (weka namba za mtandao wenu), ndipo uwashe. Ukiwasha kwanza ukiwa mbali, umejifungia nje.

"Hiyo kazi ya watu wa IT, sisi ni walimu." Hapo ndipo nabisha kabisa! Shule ngapi za kijijini zina mtu wa IT? Zina mwalimu, yaani mimi na wewe. Mwalimu Nyerere, mzee wetu wa Butiama, aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Kujitegemea gani huku kwa kumwita fundi kutoka Musoma kila intaneti ikikata, naye anazima ulinzi, anachukua nauli yake, anaondoka? Maksi za mtoto zikichezewa, atakayeulizwa ni mwalimu.

Anayebisha aje na hoja, tukutane kantini. Alamsiki.